Kiti cha Chester Kwenye Reli

Watu wa kilima cha Vasko tuna akili timamu miezi minane kwa mwaka. Theluji ikianguka, kwaheri. Nayasema haya nikiwa mmoja wao: nimezaliwa kilimani, nimeolewa nyumba ya tatu kutoka ile niliyozaliwa, na mume wangu Ed nimemzika makaburi ya juu kabisa, ambako hata padri hufika akihema. Anayetaka kununa anune, ila asiseme Verna Hudak kamsingizia.

Jambo lenyewe lilihusu treni ya umeme, ile iliyokuwa ikipanda kilima chetu kutoka stesheni kuu ya Brannock. Kuiita treni ni kuikuza. Ilikuwa mabehewa mawili yaliyoungana, yakivuta umeme kwenye waya wa juu, yakipita barabarani kabisa mbele ya milango ya watu na kupiga kengele kuwafukuza paka. Baba yangu aliipanda kwenda kiwanda cha chuma. Mimi niliipanda kwenda shule, na miaka hii mitatu nimeipanda kwenda hospitali kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu figo zangu ziliamua kustaafu bila kuniuliza. Gari sina, na hata ningekuwa nalo, ukitoka kwenye ile mashine baada ya muda wa saa nne unamwona kila mtu yuko wawili. Basi nalo kukiwa na barafu halipandi Vasko. Lilijaribu siku moja, likarudi bondeni kinyumenyume, dereva akisali kwa sauti. Treni ilikuwa na mchanga wake inaoumwaga kwenye reli, inauma chuma, inapanda, na mimi ndani yake na blanketi langu magotini.

Halafu wakubwa wa jimbo wakaamua kwamba njia yetu haina maana. Treni inachelewa, wakasema, na abiria wenyewe ni wa kuhesabu. Baada ya kelele nyingi wakakubali kutupa jaribio moja: Jumatatu moja ya mwezi wa pili, mkaguzi atapanda nasi kileleni saa mbili kasorobo asubuhi. Treni ikifika stesheni kuu kabla ya saa mbili na dakika ishirini, ikiwa na abiria wasiopungua arobaini, njia inabaki. Ikishindwa, inafungwa na tunaletewa basi.

Binti yangu Colleen anaishi Tucson, jangwani, na alianza kufurahi mapema. "Mama, wakifunga hiyo treni unakuja kwangu, hakuna mjadala," akaniambia kwenye simu. "Chumba kipo tayari. Hospitali iko dakika sita." Nampenda mwanangu, lakini chumba chenyewe nimekiona. Dirishani kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna wazee wa gofu. Sikutaka kwenda kufia huko. Nilitaka kubaki nyumbani kwangu, na kubaki kwangu kulitegemea treni, basi. Nikakusanya saini nyumba kwa nyumba na kumwandikia mkaguzi barua kumi na moja, nyingine za heshima.

Sasa nifike kwenye kiti.

Kwetu, ukichimbua theluji barabarani upate mahali pa kuegesha gari, mahali hapo ni pako mpaka theluji iyeyuke. Ukiondoka na gari unaacha kiti. Huandiki tangazo wala hufungi kamba, unaacha kiti tu, cha jikoni, cha bustanini, hata kibovu, na hakuna binadamu atakayekigusa. Mwaka wa theluji kubwa, mtu mmoja kutoka bondeni alihamisha kiti cha Marge Dudash akaegesha gari lake pale. Asubuhi alilikuta limemwagiwa maji, limekuwa donge moja la barafu, na likakaa hivyo hadi karibu na Pasaka. Polisi alikuja na daftari, akamuuliza kama ni kweli alihamisha kiti. Akajibu ndiyo. Polisi akafunga daftari.

Ijumaa ya kabla ya jaribio theluji ikaanguka hadi kiunoni. Jumamosi wafanyakazi wa njia wakaanza kusafisha reli, lakini greda la jiji likaja nyuma yao na kusukuma theluji yote ya kona ya Dressel ikawa kilima juu ya reli, mbele ya nyumba ya Chester Wojnar.

Chester alikuwa mzee mwenye pikapu moja na maoni mengi. Treni aliichukia kwa sababu ilimtikisia vyombo kabatini. Nilipompelekea karatasi ya saini aliisoma yote, mstari kwa mstari, mimi nimesimama kwenye baridi, kisha akanirudishia. "Barua nzuri," akasema. "Mpe mtu mwingine." Tangu siku hiyo hatukusemeshana.

Basi Chester, kwa kuwa kando ya barabara kulikuwa kumezikwa kabisa, akachukua beleshi akashambulia kile kilima cha kwenye reli. Alichimba kwa saa nne nzima. Alitoa kipande safi kama sinia, urefu wa pikapu moja, reli mbili zikipita katikati, akaegesha. Wafanyakazi wa njia waliporudi Jumapili walisafisha reli mpaka nyuma ya pikapu, wakaizunguka, wakaendelea kusafisha mbele ya pikapu. Hakuna aliyebisha hodi. Wakaandika kwenye ripoti yao kwamba gari litakuwa limeondoka kufikia Jumatatu asubuhi. Na kweli, Jumatatu asubuhi Chester aliondoka na gari lake kwenda kusafisha uwanja wa kanisa mjini.

Akaacha kiti.

Mimi hayo sikuyajua. Saa mbili kasorobo nilikuwa kileleni, ndani ya behewa la mbele, nikihesabu vichwa na furaha imenijaa. Arobaini na sita! Bernie Macko, ambaye hakuwahi kupanda treni tangu apate leseni ya gari, alikuja amevaa tai. Marge Dudash alileta pierogi, vile vipande vya unga vilivyojazwa viazi na kuchemshwa, kwenye karatasi ya foili, bado zinatoa mvuke. Dereva alikuwa Lavonne Tibbs, jirani yangu wa mlango wa nne, miaka kumi na minane kwenye kazi hiyo, na siku ile alikuwa amejipaka rangi ya mdomo.

Mkaguzi aliitwa Bwana Whitlock. Alikuwa mtu wa Florida, amevaa viatu vya ngozi nyembamba ambavyo vilikuwa vimeshakunywa maji. Mtu mzuri, sitamsema vibaya. Nilimkalisha dirishani, Marge akamwekea pierogi mapajani, na tulipoanza kushuka, mchanga ukisaga chini na waya ukitoa cheche juu, nikamwona anatabasamu.

"Kusema kweli, Bi Hudak, nilikuja na shaka," akaniambia mdomo umejaa. "Niliambiwa abiria wenu ni kumi na wawili."

"Walioandika hivyo hawajawahi kupanda."

"Na gari lenyewe linashika reli vizuri mno. Barafu yote hii!"

"Andika hayo, mwanangu. Andika wakati bado moto."

Akatoa kalamu. Tukaingia kona ya Dressel. Lavonne akafunga breki, kengele ikalia mara mbili, tukasimama.

Mbele yetu, katikati ya reli, katikati ya kile kipande safi, kilikuwepo kiti cha jikoni cha njano chenye mguu mmoja uliofungwa waya.

Bernie akavua kofia, nafikiri bila kujua.

"Tumesimamishwa na nini?" akauliza Bwana Whitlock.

"Kiti," akasema Lavonne.

"Nakiona. Kwani kina nini?"

Utamjibu nini mtu wa Florida? Lavonne alichukua redio kuita chumba cha kuongozea treni, na kwa kuwa mlango wa kibanda chake ulikuwa wazi tulisikia kila neno.

"Nimezuiwa kona ya Dressel."

"Na nini?" ikauliza sauti.

"Kiti."

Redio ikakoroma kidogo. "Kiti kilichoanguka kwenye gari la mtu, au kiti cha nafasi?"

"Cha nafasi."

"Cha nani?"

"Chester Wojnar."

"Mama yangu wee. Usikiguse, dada. Ngoja nimuulize mkubwa." Tukangoja. Saa ya Bwana Whitlock ilikuwa inaonyesha saa mbili kasoro dakika tisa. Kutoka pale hadi stesheni kuu ni dakika kumi na tano, kwa hiyo ilitupasa tuondoke kufikia saa mbili na dakika tano. Sauti ikarudi. "Mkubwa anauliza, alichimba mwenyewe au aliajiri mtu?"

"Mwenyewe. Saa nne."

"Basi tena," ikasema sauti, kwa huzuni ya kweli.

Akaitwa polisi. Alikuja Dom Pellegrino, kijana wa hapo hapo kilimani, ambaye nilimfundisha katekisimu na hakuelewa kitu. Alikizunguka kiti, mikono nyuma, akainama akaangalia ule waya wa mguuni, akaja dirishani kwa Lavonne.

"Ni chake," akasema.

"Tunajua ni chake, Dom. Kitoe."

"Mimi? Mama yangu anakaa mtaa huu, Lavonne."

"Una bastola na beji!"

"Na gari pia ninalo, na ninaliegesha barabarani kama wenzangu."

Bwana Whitlock alikuwa anatugeuzia uso mmoja mmoja, akidhani labda kuna atakayecheka na kumwambia ni utani. "Samahani," akasema. "Reli ni ya umma. Treni ni ya umma. Kiti ni cha mtu mmoja ambaye hayupo. Kwa nini mtu asishuke akakisogeza?"

"Kachimba saa nne," Bernie akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto.

"Kachimba kwenye reli!"

"Pangekuwa hapajachimbwa, treni ingepita? Isingepita. Kwa hiyo tumshukuru."

"Basi mshukuruni, kisha sogezeni kiti!"

"Hapo sasa unachanganya mambo mawili," akasema Bernie.

Mimi nilikuwa nimeshatoa simu. Namba ya Chester ninayo, kila mtu ana namba za kila mtu, ugomvi haufuti namba. Iliita mara nyingi. Nilisikia vijiko na sahani, nikajua yuko kwenye mgahawa anakula.

"Chester, ni Verna."

"Verna yupi?"

"Unajua Verna yupi, mshenzi wewe."

"Aa. Yule wa karatasi." Akatafuna, akameza, hana haraka. "Vipi theluji huko?"

"Kiti chako kiko kwenye reli."

"Najua kilipo. Nilikiweka kwa mikono yangu."

"Treni imesimama, Chester, mkaguzi yumo ndani. Tunaomba ruhusa. Tunakisogeza, tunapita, Dom anakirudisha pale pale. Dakika moja."

"Na mtu akiingia kuegesha hiyo dakika moja?"

"Nani ataegesha mbele ya treni?"

"Mimi niliegesha."

Hapo alinipata. Nikauma meno. Abiria wote walikuwa wananitazama, nikaweka simu kwenye sauti ya wazi ili aone aibu mbele yao. Ikafika saa mbili kasoro dakika tatu.

"Unataka nini, Chester? Sema."

"Sitaki kitu. Nina mayai mezani. Nikimaliza nitakuja kukitoa mwenyewe."

"Mayai mangapi?"

"Matatu."

"Chester, wakifunga hii treni napelekwa Tucson. Unasikia? Jangwani. Kwa wazee wa gofu. Nakuomba. Tafadhali."

Niliitamka tafadhali ile mbele ya watu arobaini na sita, mimi ambaye sijamwomba Chester Wojnar hata chumvi. Upande wa pili vijiko vilinyamaza. Namjua yule mzee tangu tukiwa watoto, na naamini hadi leo kwamba alikuwa anafungua mdomo kukubali.

Lakini mlango wa behewa ulifunguka, baridi ikaingia, na Marge akapiga yowe.

Bwana Whitlock alikuwa ameshuka. Alitembea kwa vile viatu vyake vya ngozi, akateleza, akajishika kwenye gari la polisi, akafika. Dom akamwambia, "Bwana, mimi nisingefanya hivyo," lakini kwa sauti ya mtu anayejisemea. Mkaguzi akakishika kiti kwa mgongo wake, akakiinua, akakitupa juu ya lundo la theluji. Kikalala ubavu, miguu juu.

"Kuna nini huko?" Chester akapiga kelele kwenye simu. "Verna? Nani anapiga yowe?"

"Mkaguzi amekitoa kiti."

"Amekitoa? Mgeni? Kwa mikono yake? Na ninyi wote mnaangalia?"

Simu ikakatika.

Bwana Whitlock alirudi ndani anapangusa mikono, mashavu mekundu, amefurahi kwa ajili yetu, maskini. "Haya!" akasema. "Saa mbili kasoro dakika moja! Twende, tutawahi!"

Lavonne akashika mkono wa kuendeshea lakini hakuusukuma. Alikuwa anatazama kioo cha nyuma.

Wa kwanza alikuwa Bernie. Alisimama, akaweka tai yake sawa, akaelekea mlangoni.

"Bernie, kaa chini," nikamwambia.

"Siwezi, Verna."

"Keti hapo, mpumbavu wewe, tumeshinda!"

"Leo cha Chester. Kesho changu." Akageuka kwa mkaguzi. "Bwana, umekula chakula chetu."

Marge akafuata. Alisimama mbele ya Bwana Whitlock, akainama, akachukua karatasi yake ya foili kutoka kwenye kiti, ndani yake zimebaki pierogi mbili, akaikunja vizuri na kuitia kwenye mkoba. Nyuma yake ikawa mstari. Walishuka kwa utulivu kabisa, wakisaidiana ngazi, wakishikana viwiko pasiwe na atakayeteleza, utadhani wanatoka misa. Watu niliowagongea milango mvua ikinyesha. Watu walioweka saini, wengine mara mbili kwa bidii. Nilikuwa nalia kwa hasira na nikiwatukana kwa majina na majina ya baba zao.

"Lakini treni mnaitaka au hamuitaki?" Bwana Whitlock alikuwa anawauliza mmoja mmoja.

"Tunaitaka sana," wakamjibu.

"Basi kaeni!"

"Si kwa namna hii."

Bernie alikuja chini ya dirisha langu, akagonga kioo. "Usihangaike, Verna! Hospitali nitakupeleka mimi. Kwani gari sina? Sote tutakupeleka, kwa zamu." Nyuma yake wakaitikia, ndiyo, kwa zamu, Verna wetu, atashindwaje kufika hospitali na sisi tupo.

Tukabaki watatu: Lavonne, ambaye kanuni hazimruhusu kuliacha gari, mkaguzi, na mimi na blanketi langu.

Bwana Whitlock akachuchumaa mbele yangu, magoti yake yakalia. "Bi Hudak," akasema taratibu, "nisikilize. Arobaini siwezi kuwaandika. Lakini nikiandika kwamba yumo mgonjwa anayeitegemea treni hii kuishi, na kwamba ilimfikisha kwa wakati siku ambayo mabasi yote yamelala, hiyo ni hoja. Naweza kuipigania. Nahitaji abiria mmoja tu. Kaa hapo ulipo. Usifanye kitu chochote, kaa tu."

Nikatazama nje. Walikuwa wamejipanga kando ya barabara, mikono wameikunja vifuani, macho yote kwenye dirisha langu. Hawakuwa wananiita. Walikuwa wanaangalia tu nani amebaki.

Ningependa kusema nilifikiria heshima ya kilima, na jasho la Chester, na mambo ya baba zetu. Sikufikiria hayo. Nilifikiria nani atanisafishia ngazi Jumatano nikitoka hospitali siwezi kusimama. Nilifikiria Ijumaa za Kwaresima kwenye ukumbi wa kanisa, naingia na sahani yangu ya samaki, na kila meza mtu anasema kiti hiki kina mwenyewe. Nikibaki ninayo treni na sina mtu kilimani. Nikishuka ninao watu na sina treni. Nilikuwa na dakika moja na nilikuwa mwoga, na hiyo ndiyo sababu yote.

Nikasimama.

"Hata wewe?" akasema. "Kwa ajili ya kiti?"

"Samahani, mwanangu. Wewe utarudi Florida."

Lavonne hakunitazama. "Angalia ngazi, Bi Verna, kuna barafu," akasema, kama anavyosema kila siku. Nikashuka, nikapokewa kwa makofi. Marge alinikumbatia akaniita mwanamke wa chuma. Kengele ikalia, treni ikaingia kona na kushuka, taa zote zinawaka, na ndani kichwa kimoja tu kimeinama.

Ilifika stesheni kuu dakika moja kabla ya wakati. Nimeiona ripoti yenyewe. Bwana Whitlock aliandika kwamba gari ni imara, dereva ni hodari, mlima wanaumudu, na kwamba abiria hakuna. Njia ilifungwa mwezi wa sita. Waya wakaukata vipande, mabehewa wakayapakia kwenye malori wakayauza mji mwingine, na Lavonne akahamishiwa kwenye ghala la matairi ya mabasi. Kilimani tulikasirika sana. Ulifanyika mkutano ukumbini, watu wakasema wakubwa wa jimbo hawana utu, wanawatesa wagonjwa, na Bernie alizungumza kwa uchungu hadi akakatika sauti.

Chester? Kiti chake kilirudishwa siku ile ile, watu sita walikibeba. Alikuja saa nne asubuhi, akakitazama, akasema hakikukaa sawa. Mwezi wa tisa akauza nyumba akahamia kwa mwanawe Florida. Alisema amechoka na theluji. Kiti alikiacha kando ya barabara pamoja na taka.

Na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea ni hili. Kilimani walikuwa wamehamia vijana, wanandoa wa mjini wenye mbwa wadogo, na hao walisikia kisa cha mkaguzi kama sisi tulivyokisimulia, ila wakashika fundisho lao: kwamba mtu alihamisha kiti cha Chester Wojnar na hakikumpata kitu. Theluji ya kwanza ya Desemba ilipoanguka, viti vikaanza kutupwa. Kwanza kimoja, kwa wasiwasi, mwenyewe akipiga makelele mlangoni. Kufikia Jumatano ya pili ya theluji, barabara nzima ya Dressel viti vilikuwa vimelala kifudifudi kwenye malundo na kila mwenye gari amekaa dirishani analilinda kwa macho.

Jumatano ile basi lilifika nusu ya kilima, likakata tamaa, likageuza. Mimi nilikuwa kileleni, na mashine ilikuwa inaningoja mjini. Nikarudi ndani nikampigia Bernie.

"Haki ya Mungu, Verna, ningekupeleka," akasema. "Lakini nimechimba tangu alfajiri. Nikitoka tu, mtu anaingia."

"Weka kiti."

"Kiti! Siku hizi kiti ni kuni tu, Verna. Watu hawana adabu tena."

"Bernie, nisiposafishwa leo hadi Ijumaa nitavimba kama boga."

"Mpigie Marge. Yeye ana nafasi ya pembeni."

Marge hakuweza. Alinipeleka mara mbili mwezi wa kumi, akanikumbusha, na mgongo wake haukupenda. Aliyefuata alikuwa na mgeni. Aliyefuata hakupokea, ingawa pazia lake lilitikisika. Nilipiga simu hadi saa tano. Mwisho Dom Pellegrino alikuja kunichukua kwa gari la polisi, nikafika nimechelewa nikasafishwa nusu ya muda tu, na kwenye kituo chake alikaripiwa kwa hilo, kwa hiyo Ijumaa sikumwomba.

Ijumaa asubuhi nilimpigia Colleen. Vidole vilikuwa vimevimba hata namba niliikosea mara mbili. Nikamwambia akifungue kile chumba, nakuja. Nilidhani atashangilia. Badala yake nikasikia analia, kwa sababu anajua nyumba hii ni nini kwangu.

"Mama, pole. Pole sana," akasema. "Hao watu wana roho mbaya jamani. Nani hasa aliifunga ile treni?"

Majirani nimewasikia wakilijibu swali hilo mwaka mzima, kanisani, dukani, kwenye foleni ya samaki, na kila mmoja anajibu vizuri sana. Nikavuta kiti, nikakaa chini, miguu ilikuwa inauma.

"Mkaguzi alihitaji abiria mmoja, Colleen," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyeshuka."